Majina 178 ya Mto Dyarubbin

Mwaka 2017 mwanahistoria Grace Karskens wa Chuo Kikuu cha New South Wales alikuwa akipekua makaratasi ya mchungaji mmoja wa Kipresibiteri, John McGarvie, katika Maktaba ya Jimbo mjini Sydney. Humo akakuta orodha iliyoandikwa kwa mkono mwaka 1829, yenye kichwa kinachoeleza kuwa ni majina ya wenyeji ya mahali mbalimbali kwenye Mto Hawkesbury. Majina 178. Hayakupangwa kwa herufi wala kwa ukubwa wa mahali. Yanafuata mto wenyewe, kona kwa kona, kama anavyoyataja mtu anayeshuka na maji.

Orodha hiyo ndiyo kisa ninachotaka kukichambua. Kwa vizazi vingi shule za Australia zilifundisha kwamba wenyeji asilia wa eneo la Sydney walitoweka mapema, na kwamba lugha yao na majina yao yalizikwa pamoja nao. Sasa hapa tuna karatasi ya mwaka 1829, miaka 35 baada ya wakulima wa Kiingereza kuhamia kwenye mto ule, na bado kulikuwa na watu wa kumtajia mchungaji kijito, bwawa na bega la mlima, kimoja kimoja kwa jina lake.

Mto huu unaizunguka Sydney kwa upande wa magharibi, halafu unapinda na kwenda kumwaga maji yake Broken Bay, kaskazini mwa mji. Kwenye ramani una majina mawili: sehemu ya juu Nepean, sehemu ya chini Hawkesbury. Yote mawili ni ya mwaka 1789 na yote mawili ni ya wakubwa wa serikali ya London ambao hawakuwahi kuuona. Evan Nepean alikuwa katibu katika wizara iliyoshughulikia koloni jipya. Lord Hawkesbury alisimamia mambo ya biashara. Mto mmoja ulipata majina mawili kwa sababu Waingereza waliufikia kwa njia mbili tofauti wakadhani ni mito miwili. Ilipofika mwaka 1791 ndipo maofisa Watkin Tench na William Dawes walipothibitisha kwamba ni uleule.

Wadarug, wenye nchi, waliuita Dyarubbin, jina ambalo nyaraka nyingine huliandika Deerubbin. Walikuwa hapo kwa muda ambao ni vigumu hata kuufikiria. Uchimbaji wa kiakiolojia kwenye vilima vya mchanga vya Pitt Town, kando ya mto huohuo, umeonyesha kuwa watu waliishi pale zaidi ya miaka 30,000 iliyopita.

Tunayo picha moja ya karibu ya siku za mwanzo, na inafaa kuitazama bila haraka. Aprili 1791 Gavana Arthur Phillip alitoka na msafara kuelekea mtoni, akiwa na Tench, Dawes na wenyeji wawili wa pwani, Colebee na Ballederry. Njiani wale wawili hawakuwa wenyeji tena. Bara hili hawakulijua, wakawa wanatamani kurudi nyumbani. Walipofika mtoni walikutana na mzee Gombeeree, mwanawe Yellomundee na mtoto mdogo wa kiume, wa ukoo wa Boorooberongal. Tench aliandika kwamba watu wa pwani na watu wa mto hawakusema sawasawa, maneno kadhaa yalitofautiana kabisa, na bado walielewana bila taabu.

Usiku ule Colebee alilalamika maumivu ya jeraha la zamani la mkuki. Yellomundee alikuwa mganga. Akaomba maji, akayatia kinywani, akaweka mdomo kifuani kwa mgonjwa na kufyonza kwa nguvu, kisha akaenda kando kutema. Alirudia, halafu akasema amezitoa ncha za mkuki. Tench anasimulia tukio hili kwa kejeli ya mtu asiyeamini. Colebee hakufanya kejeli: alimlipa mganga sehemu nzuri ya chakula chake cha usiku pamoja na kofia yake ya sufu ya kulalia. Wakalala wote kuuzunguka moto mmoja. Asubuhi watu wa mto wakampa Phillip mashoka ya mawe, mikuki na kirushio cha mkuki, nao wakapokea mkate, ndoana na vishoka vya chuma.

Nimekaa kwenye tukio hili kwa sababu linaonyesha mambo mawili ambayo orodha ya McGarvie inayahitaji ili isomeke vizuri. Nchi ile ilikuwa na wenyewe, hata mgeni wa kutoka pwani ya jirani alijua kwamba hapa si kwao. Halafu kuna hilo jina, Yellomundee. Nitalirudia huko mbele, maana uzi wa kisa hiki unapita kwenye ukoo wake.

Kilichofuata kilikuja upesi. Januari 1794 walowezi 22 waligawiwa mashamba ukingoni mwa mto. Mwaka uliofuata walikuwa wamefika kiasi cha 400, wengi wao wafungwa waliomaliza vifungo vyao. Udongo wa kingo zile ulikuwa mzuri kuliko wowote koloni lilikuwa limeuona. Lakini kingo hizohizo ndizo zilikuwa ghala la Wadarug. Pale palichimbwa viazi vikuu vya mwituni. Phillip na wenzake walipopita mwaka 1789 waliikuta ardhi imefukuliwa na wachimbaji hao. Mlowezi alipolima akapanda mahindi, viazi viliondoka. Wadarug walipokuja kuvuna mahindi yaliyoota mahali pa chakula chao waliitwa wezi na kupigwa risasi. Wao nao wakalipiza. Mwaka 1795 kaimu gavana William Paterson alipeleka askari, wakaua watu saba au wanane kwa usiku mmoja. Vita vya mto huu vikaendelea kwa kuzuka na kutulia mpaka mwaka 1816.

Sheria ilikuwa na uso gani kwao? Mwaka 1799 walowezi watano walishtakiwa kwa kuwaua vijana wawili wa Kidarug. Mahakama ikawakuta na hatia. Haikuwaadhibu, ikapeleka swali London, jibu likachelewa, na mwishowe watu hao wakasamehewa.

Kisha likaja tukio ambalo kwangu ndilo zito kuliko vita vyenyewe. Mwaka 1804 Gavana Philip Gidley King aliwaita wenyeji watatu wa sehemu za chini za mto awaulize kwa nini wanawapinga walowezi wapya. King mwenyewe alipeleka majibu yao London. Walimweleza kwamba wanafukuzwa mtoni, mahali pekee wanapopata chakula. Kwamba wakikatiza mashamba ya wazungu wanapigwa risasi. Na kwamba wakiachiwa sehemu kadhaa za chini ya mto wataridhika na hawatawasumbua wazungu. King aliona ombi hilo ni la haki. Akaahidi kwamba hapatagawiwa mashamba mengine kuelekea chini. Ahadi haikudumu. Mashamba yaliendelea kushuka na mto.

Katika hatua hiyo ndipo majina mapya yanamiminika. Desemba 1810 Gavana Lachlan Macquarie alizunguka eneo hilo akachagua miinuko ya kujenga miji mitano, ili watu wapate pa kukimbilia mafuriko: Windsor, Richmond, Pitt Town, Wilberforce na Castlereagh. Mawaziri wa Uingereza, mwanasiasa mpinga utumwa, kasri la mfalme. Nia ya kuepuka mafuriko ilikuwa ya busara, lakini majina yenyewe hayamwambii mtu lolote kuhusu mahali alipo. Mwaka 1867 maji yalipanda karibu mita 20 juu ya kawaida pale Windsor, na Julai 2022 yalifika karibu mita 14, madaraja yakazama.

Katika hali hiyo McGarvie alifika mwaka 1826, kulihudumia kanisa la Ebenezer lililojengwa na walowezi mwaka 1809. Alikuwa mtu wa vitabu, mwandishi wa magazeti pia. Sababu iliyomfanya aandike orodha hakuieleza, ila kazi yenyewe inaonyesha makini. Alirudia tahajia, akafuata mpangilio wa mto, na majina yamesongamana: katika mwendo mfupi wa ukingo, ambapo ramani ya Kiingereza ina shamba la fulani na shamba la fulani, orodha ina jina juu ya jina. Mahali palipojengwa Windsor panaitwa Bulyayorang. Richmond ni Marrengorra.

Msongamano huo ndio ushahidi mkubwa kwangu. Watu wanaopita hutaja mlima mmoja na mto mmoja, basi. Anayetaja kila kijito na kila kona ni yule anayevua pale, anayechimba pale, aliyezaliwa pale, na anayehitaji kumwambia mwenzake wakutane wapi. Majina 178 mwaka 1829 yana maana kwamba jamii ilikuwa bado inaitumia nchi yake kwa undani, katikati ya mashamba ya watu wengine, baada ya ndui ya mwaka 1789 na baada ya miaka zaidi ya ishirini ya mapigano. Nyaraka za zama hizo zinawaonyesha wakipiga kambi karibu na mashamba, wakivua, wakisaidia mavuno, wakiongoza njia. Hawakuondoka.

Orodha ina mipaka yake, na hapa msomaji wa Kiswahili ana faida kidogo. Lugha za eneo la Sydney hazitofautishi maana kwa b na p, wala d na t, wala g na k. Hazina s wala f. Na maneno mengi huanza kwa sauti tunayoiandika ng' au kwa ny. Sikio la Mwingereza lilipotea mara mbili. Sauti moja ya mwenyeji ilisikika mara g mara k, ndiyo maana watu walewale wanaandikwa Darug, Dharug na Dharruk. Na ile ng' ya mwanzo wa neno, ambayo mtoto wetu huipata pamoja na ng'ombe, Mwingereza hakuwa nayo mahali hapo: wengine waliiandika gn, wengine waliiacha kabisa. Dawes pekee, aliyejifunza lugha kutoka kwa msichana Patyegarang, aliiundia herufi yake. Madaftari yake yamo leo katika maktaba ya SOAS, chuo cha taaluma za Asia na Afrika mjini London, jengo lilelile linalohifadhi hati nyingi za mashairi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. McGarvie hakuwa na sikio la Dawes. Kwa hiyo kila jina aliloandika lazima lipimwe upya kabla halijatamkwa.

Kazi hiyo ya kupima ilifanywaje? Karskens alipata ufadhili wa Maktaba ya Jimbo mwaka 2018 na hakuingia peke yake. Aliungana na wanawake wa Kidarug, wakiwemo Leanne Watson, Erin Wilkins, Jasmine Seymour na Rhiannon Wright, na mtaalamu wa lugha Jim Wafer. Orodha ikawekwa kando ya ramani za zamani za viwanja, kwa sababu majina ya wamiliki wa kwanza yanasaidia kujua McGarvie alikuwa amefika wapi mtoni. Maneno yakalinganishwa na kumbukumbu nyingine za lugha. Kisha wakaenda wenyewe, kwa miguu na kwa mashua, kutazama kama jina na mahali vinakubaliana: kama pana jabali, kama pana bwawa, kama mmea unaotajwa unaota hapo bado. Mwaka 2021 maktaba ilifungua maonyesho ya kazi hiyo.

Mpangilio wa mto ndio uliookoa kila kitu. Kama McGarvie angeyapanga majina kwa alfabeti, kama walivyofanya wakusanyaji wengi baada yake, leo tungekuwa na maneno 178 yasiyojua kwao. Kwa kuwa aliyaacha yafuatane kama yalivyo ardhini, jina likishajulikana mahali pake kwa hakika, majirani zake wa juu na wa chini hubanwa nalo. Wakusanyaji wa majina ya mahali popote wangefanya vyema kuiga hilo.

Majina machache ya Kidarug hayakuhitaji kutafutwa kwa sababu hayakuondoka kamwe: Cattai, Colo, Kurrajong. Kurrajong leo ni mji mdogo na pia ni jina la mti. Neno lenyewe lilihusu kamba za kuvulia samaki zilizosokotwa kwa nyuzi za gome. Walowezi walilichukua neno, mti ukabaki nalo, kamba ikasahauliwa.

Sasa swali gumu zaidi: orodha hii ina nguvu gani mbele ya serikali? Nadhani watu wanaitarajia ifanye kuliko inavyoweza. New South Wales ina sera ya majina pacha tangu mwaka 2001, inayoruhusu mto, mlima au ghuba kubeba jina la wenyeji pamoja na la Kiingereza. Ni hatua njema, lakini haigusi majina ya miji na vitongoji. Bulyayorang haiwezi kusimama rasmi kando ya Windsor kwa njia hiyo. Na kwenye ardhi yenyewe mambo ni mazito zaidi. Mwaka 2004 Mahakama ya Shirikisho ilitupa dai la Wadarug la haki ya asili ya ardhi, kwa kuwa haikuridhika kwamba sheria na desturi za mababu zimeendelea bila kukatika tangu mwanzo wa utawala wa Kiingereza hadi leo. Orodha ilikuwa imelala maktabani wakati huo. Hata ingekuwepo mezani, sidhani ingelitosha: inathibitisha ujuzi wa mwaka 1829, wakati sheria inadai mnyororo hadi leo. Naliona sharti hilo si la haki. Anayedaiwa aonyeshe mnyororo usiokatika ni yuleyule ambaye mnyororo wake ulikatwa na anayemdai.

Na mnyororo haukukatika wote. Mwaka 1889 serikali ilitenga ardhi kwa wenyeji kule Sackville, kwenye mto huohuo, na familia za Kidarug ziliishi hapo mpaka miaka ya 1940. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 mpimaji R. H. Mathews alichapisha maelezo ya lugha ya Kidarug aliyoyakusanya kwa watu walioikumbuka bado. Kutoka McGarvie hadi Mathews ni miaka kama sabini, umri wa mtu mmoja.

Hapa narudi kwa Yellomundee. Waingereza baadaye walimwandika Yarramundi, na leo ni jina la kitongoji pale ambapo Mto Grose unaingia Nepean. Binti yake Maria alikuwa miongoni mwa watoto wa kwanza kuingizwa katika shule ya watoto wa wenyeji aliyoifungua Macquarie mjini Parramatta mwaka 1814. Mwaka 1824 aliolewa na Robert Lock, fundi seremala aliyekuwa mfungwa. Kaka yake, aliyeitwa Colebee pia ingawa si yule wa msafara wa 1791, alikuwa amepewa pamoja na Nurragingy ekari 30 kando ya barabara ya Richmond, ardhi ya kwanza ambayo koloni liliwapa wenyeji kwa hati. Colebee alipofariki, Maria alimwandikia gavana mwaka 1831 akidai ardhi ya kaka yake. Aliipata mwaka 1843. Alifariki 1878, na Wadarug wengi wa leo wanahesabu nasaba yao kutoka kwake.

Jasmine Seymour ni mmoja wao. Ni mwalimu wa shule ya msingi na mwandishi wa vitabu vya watoto, na anafundisha Kidarug. Alipokaa na Karskens kuisoma orodha ya McGarvie, alikuwa akisoma majina ya nchi ya babu yake, Boorooberongal, ukoo ambao siku hizi jina lake huandikwa Burubiranggal. Kwa hiyo swali la nani mwenye haki ya kuyatumia majina haya lina jibu la wazi kuliko linavyofanywa kuwa. Halmashauri, mashirika ya utalii na wajenzi wa nyumba sasa wanayatafuta majina ya wenyeji kwa ajili ya mitaa na bustani. Waende kwa Wadarug kwanza, wakubali kuambiwa hapana pale jina lisipofaa kutundikwa kwenye kibao, na kazi ya kuyatafiti na kuyafundisha walipe ujira wake kama wanavyomlipa mpima ardhi.